DDU ni dawa kali, lakini pima kwanza kama skrini yako inaihitaji

Skrini ya kompyuta ikianza kutoa chenga, visanduku vya rangi au picha zilizovurugika, ushauri unaotolewa haraka ni mmoja: pakua Display Driver Uninstaller, au DDU kama ilivyozoeleka. Programu hii ya bure kutoka Wagnardsoft ina kazi kuu moja, kung'oa draiva (programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) ya kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachotengeneza picha za skrini, pamoja na mabaki ambayo uondoaji wa kawaida huyaacha. Inashughulikia kadi za NVIDIA, AMD na Intel. Kwa kazi hiyo tunaipa nyota nne kati ya tano. Ila wengi huitumia kutibu ugonjwa usio wake.

Kabla ya kuigusa, piga picha ya skrini kwa kitufe cha Print Screen, ihifadhi, kisha ifungue kwenye simu. Uchafu ukionekana ndani ya picha hiyo, unatengenezwa ndani ya kompyuta: draiva, programu fulani, au kadi yenyewe. Picha ikiwa safi, mara nyingi kosa liko kwenye kebo, tundu au kioo, na hapo DDU haina la kufanya. Halafu washa upya na uingie BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows kuanza. Pale draiva ya Windows bado haijaanza kazi, kwa hiyo mistari ikiwepo hata huko, tafuta tatizo kwenye vifaa.

Kebo ndiyo inayosahauliwa zaidi. Picha ya 4K kwa 60 Hz (picha 60 kwa sekunde) kupitia HDMI huhitaji kebo inayomudu hadi Gbps 18. Kebo dhaifu haiharibu picha nzima. Hutoa nukta nyeupe zinazometameta, hasa kwenye sehemu zenye giza, au skrini huzima sekunde moja na kurudi. Shusha hadi 30 Hz. Nukta zikitoweka, badilisha kebo, na chagua fupi, ya mita 2 hivi. Kwa laptopu, fungua na kufunga kifuniko polepole huku ukiangalia mistari: ikibadilika kadiri pembe inavyobadilika, waya bapa unaopita kwenye bawaba umelegea au umechubuka. Hiyo ni kazi ya bisibisi.

Dalili zikielekea kwenye draiva, bonyeza kwanza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Skrini itazima kidogo na draiva itaanzishwa upya. Wakati mwingine hilo linatosha. Likishindikana, sakinisha draiva upya kwa njia ya mtengenezaji: kisakinishi cha NVIDIA kina chaguo la usakinishaji safi, na AMD wana programu yao ya kusafisha. DDU ije baada ya hapo.

Matumizi yake yana mpangilio, na ukiupindua ndipo watu hukwama. Pakua draiva mpya mapema na uiweke kwenye diski. Kwa laptopu, anzia tovuti ya aliyeitengeneza laptopu hiyo. Tengeneza sehemu ya kurejesha mfumo (restore point), ili uweze kurudi nyuma mambo yakiharibika. Hakikisha unalijua nenosiri lako lenyewe, maana PIN inaweza kukataa kwenye hali salama (Safe Mode), ambamo Windows huwaka na mambo ya msingi tu, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, uwe na ufunguo wa kuifungulia karibu. Kisha kata intaneti kabisa, ama sivyo Windows Update itawahi kuingiza draiva yake kabla hujaweka ya kwako.

Ili kuingia hali salama, shikilia Shift huku ukibofya kuwasha upya, fuata menyu ya utatuzi hadi mipangilio ya kuanzisha, kisha bonyeza 4. Namba 5 huja na mtandao, ambao hapa hauutaki. Fungua DDU, chagua GPU (kadi ya grafiki), kisha chapa ya kadi, na ubofye kitufe cha kusafisha na kuwasha upya. Kompyuta ikirudi na maandishi makubwa yasiyopendeza, usishtuke: ni draiva ya msingi ya Microsoft. Sakinisha ile uliyoiweka, ndipo urudishe mtandao.

Nyota moja tumeikata kwa sababu dirisha la programu limejaa chaguo nyingi ambazo mgeni hawezi kuzipima, na kwa sababu inafuta pia mipangilio yako ya rangi na michezo bila kuihifadhi.

Chenga zikitoweka kwenye hali salama, usitangaze ushindi bado, kwani pale kadi haifanyi kazi nzito. Zikirudi dakika kumi baada ya kufungua mchezo juu ya draiva safi, pima joto, safisha vumbi kwenye feni, na uondoe ongezeko lolote la kasi uliloiwekea kadi. Visanduku vya rangi vikibaki hata kadi ikiwa baridi, mara nyingi ni kumbukumbu ya kadi inayokufa, na hakuna draiva itakayoifufua.