Chupa ya mwani wa waridi: miezi 8 kwenye tangi langu la maji chumvi

Chupa ya mbegu hai za mwani wa waridi, ya kumimina kwenye tangi la samaki ili mwani huo ushike mawe, ilifika mwanzoni mwa Oktoba ndani ya kisanduku cha povu jeupe. Mke wangu aliishika mbele ya taa, akaitikisa, akatazama vichembe vyekundu vikizunguka kwenye maji ya rangi ya chai ya jana. "Baba watoto, dola 35 zote hizi umelipia maji ya kuoshea vyombo?" Nilicheka, lakini sikumjibu. Hata mimi nilikuwa nawaza vivyo hivyo.

Naandika sasa, baada ya miezi 8, kwa sababu maoni mengi niliyosoma kabla ya kununua yaliandikwa na watu waliomimina jana, leo wanatoa nyota 5. Jina la kampuni naliacha. Chupa za namna hii ziko nyingi, maelekezo yake yanakaribiana, na ninachotaka kusema kinazihusu zote.

Aliyekulia pwani anaujua mwani huu kwa macho hata kama hajui jina lake. Wakati wa bamvua, maji yakipwa ukatembea mpaka mwambani, utakuta mawe yamepakwa waridi na zambarau, magumu chini ya mguu. Ile si rangi ya jiwe. Ni mwani, wa ukoo wa mwani mwekundu, unaojijengea chokaa ndani ya kuta za seli zake hadi unakuwa kama simiti. Wenye matangi wanauita koralaini. Utotoni Mombasa nimeukanyaga sijui mara ngapi, mimi na binamu zangu tukitafuta pweza, na haikunijia akilini hata siku moja kwamba nitakuja kuununua kwa dola nikiwa Minnesota, Marekani.

Tangi langu ni la lita 150. Nililianzisha Agosti kwa mawe makavu, yaani mawe yasiyo na kiumbe hai, kwa kuwa mawe hai yanayotoka baharini ni ghali na huja na wageni usiowaalika. Ubaya wa mawe makavu ni kwamba hukaa meupe, kisha yakaingia vumbi la kahawia, kisha mwani wa nywele. Koralaini ikishika jiwe, nywele hazipati pa kuota kwa urahisi. Na viluwiluwi vya matumbawe baharini hupenda kutua juu yake, kwa hiyo si pambo tu.

Maelekezo ya chupa yalikuwa mafupi: zima skima (mashine inayotoa uchafu wa maji kwa povu), toa soksi ya kuchujia, zima taa ya UV ikiwa unayo, mimina taratibu juu ya mawe, acha pampu zizungushe maji, usiwashe skima kwa siku 3. Nikafanya yote. Maji yakawa na ukungu saa chache, samaki wangu aina ya kangaja akajificha nyuma ya jiwe, asubuhi yake kila kitu kikatulia.

Kisha hakuna kilichotokea. Wiki ya 4, hakuna. Wiki ya 6 nikaona doa la waridi kwenye kioo cha nyuma, nikamwita binti yangu aje na tochi ya simu. Alichunguza, akalikwangua kwa ukucha, likatoka. Lilikuwa gamba la chakula cha samaki. Wiki ya 9 nilikuwa nimeshaandika kichwani maoni ya nyota 1.

Kilichoniokoa nisiyachapishe ni aibu. Muuzaji mmoja mzee, anayefuga matumbawe kwenye orofa ya chini ya nyumba yake, aliniuliza swali moja tu kabla sijamaliza kulalamika: alkalini yako, yaani kiasi cha kabonati kwenye maji ambacho mwani hujengea chokaa, ni ngapi? Nikasema ni nzuri. Akasema nzuri si namba. Nikarudi nyumbani nikapima: 6.4 dKH, kizio wanachotumia wenye matangi kupimia alkalini. Nikabadilisha maji, ikapanda 8.7. Baada ya siku 10 ikarudi karibu na 7. Kumbe nilikuwa naendesha bembea. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitreti hula alkalini, na matumbawe yangu machache nayo yalikuwa yanachukua sehemu yao, na mimi nilikuwa nikifidia kwa kubadilisha maji siku ninayokumbuka. Kiumbe kinachojenga nyumba ya chokaa, ukimpa simiti leo na kesho ukamnyima, atajenga nini?

Tatizo la pili lilikuwa gumu kulikamata. Nilinunua kipima pH, yaani kipimo cha asidi ya maji (namba ikishuka, asidi imezidi), nikakuta asubuhi kabla ya taa kuwaka ni 7.7. Maji ya bahari huwa karibu 8.1. Nikadhani kipimo kibovu. Yule mzee akanielekeza jaribio ambalo kila mwenye tangi kwenye nchi ya baridi anapaswa kulifanya kabla ya kununua dawa yoyote. Chota kikombe cha maji ya tangi, pima pH, kisha yapulizie hewa ya nje kwa saa moja kwa kipampu kidogo cha hewa, pima tena. Ilikuwa Desemba, nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri, kwa hiyo nilikaa gereji na mlango umenyanyuliwa kidogo, nimevaa koti na kofia, nimeshika kikombe kama mtu anayesubiri kahawa. Maji yalipanda hadi 8.1. Kosa halikuwa la maji wala la kipimo. Lilikuwa hewa ya nyumba. Madirisha yamefungwa tangu Novemba, tuko watu 5 tunapumua na jiko la gesi linawaka, kaboni dioksidi inarundikana ndani, nyingine inaingia kwenye tangi na kushusha pH. Na chokaa ya koralaini ina magnesiamu nyingi ndani yake, aina inayoyeyuka kwa urahisi. pH ikiwa chini, mwani unajenga kwa taabu.

Kufungua dirisha Januari nilijaribu mara moja. Sitajaribu tena, nina familia.

Dawa ikawa chokaa. Si dawa ya chupa yenye jina la kupendeza, chokaa yenyewe, kalisi hidroksidi, unga mweupe. Nilipompigia mama simu Mombasa nikamweleza, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, chokaa hiyo hiyo ya tambuu?" Nikamwambia ndiyo mama, ndugu yake. "Na samaki wanaila?" Hawaili mama, inaingia kwenye maji. "Basi angalia usiwachome mdomo." Mama hakusoma kemia lakini hapo alipiga mahali penyewe. Maji ya chokaa yaliyokolea yana pH zaidi ya 12. Ukimimina kwa pupa, pH inaruka, maji yanageuka maziwa, kalisi inaganda na kuanguka chini kama theluji, na samaki wanakufa. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, na mafundi waliozimua chokaa ile walijua kukaa mbali nayo. Tangi halina pa kukimbilia.

Niliyotumia ni chokaa ya kuwekea achari, inayouzwa kwenye maduka ya vyakula huku, safi, haina vitu vingine. Chokaa ya ujenzi usiiguse, na ya tambuu usiijaribu. Nilianza na robo kijiko cha chai kwenye lita 2 za maji yaliyochujwa, nikayaacha yatulie, nikatumia maji maangavu ya juu tu, yale masalia ya chini nikayamwaga. Tangi langu hupoteza karibu lita 2 kwa siku kwa mvuke, maana hewa ya ndani yenye hita hukausha kila kitu hadi midomo. Kwa hiyo maji ya kujazia ndiyo yenye chokaa, na nayadondosha usiku, tone kwa tone, kupitia mrija mwembamba niliouwekea kifundo. Usiku ndipo pH inaposhuka, usiku ndipo chokaa inapofaa. Nilipima alkalini kila jioni kwa wiki 2 mpaka nikajua tangi linakula kiasi gani, ndipo nikapandisha kipimo pole pole. Alkalini ikafika 8.3 dKH na nikakaa hapo. Kalisi miligramu 430 kwa lita, magnesiamu karibu 1300, chumvi 35 kwa elfu, joto nyuzi 25.5. Fosfeti nikaishusha chini ya 0.1, kwa kuwa ikizidi huzuia chokaa kuganda.

Wiki ya 4 tangu kuanza chokaa, nilikuwa natoa pampu nikaisafishe. Mgongoni mwake, upande usiopigwa na taa, palikuwa na vidoa 7 vya waridi, kila kimoja kama kichwa cha pini. Nikakikwangua kimoja kwa ukucha. Hakikutoka. Nikamwita binti yangu na tochi yake. Safari hii naye alikwangua akashindwa.

Baada ya hapo kasi ilinishangaza. Machi kioo cha nyuma kilikuwa na madoa ya duara kama sarafu, yenye ukingo mweupe mwembamba panapokua. Aprili yakaungana. Kwenye mawe ulianza kivulini, chini ya mapango, kisha ukapanda. Sehemu za juu kabisa, zilizo chini ya taa kali, ziligeuka nyeupe nilipoongeza mwanga, nikaurudisha chini. Mwanga wa wastani unautosha.

Sasa kuna swali moja: ni chupa iliyofanya kazi, au ni chokaa? Ninacho kijitangi kingine cha lita 40 sebuleni. Hicho sikukimiminia chupa. Nilikitia konokono 3 kutoka kwa yule mzee, wenye magamba yaliyofunikwa na waridi, na maji yake nikayatunza kwa vipimo vile vile. Madoa ya kwanza yalitokea humo wiki 2 baada ya yale ya tangi kubwa. Wiki 2, basi. Na konokono alinipa bure.

Ila konokono hawakuja peke yao. Kwenye gamba la mmoja palikuwa na aiptasia, kile kianemone, kiumbe laini cha minyiri, cha rangi ya kahawia kinachochoma matumbawe na kuzaliana ukikigusa vibaya. Mpaka leo napigana nacho kwa sindano ya maji ya chokaa yaliyokolea, nikikidunga mdomoni kimoja kimoja. Tangi kubwa, lililopata chupa, halina hata kimoja. Hapo ndipo dola 35 zangu zilipokwenda, na sizilaumu.

Kosa moja zaidi nililiongeza mwenyewe. Februari nilinunua yule kiumbe wa mviringo mwenye miiba, anayeitwa sea urchin kwa Kiingereza, anayechoma watu nyayo kule mwambani, nikisikia anakula mwani wa nywele. Anakula kweli. Na waridi anakula pia. Asubuhi nilikuta njia nyeupe juu ya mawe kama mtu aliyepita na patasi. Nilipotafuta sababu nikakuta utafiti wa mwaka 2010 wa Jennifer O'Leary na Tim McClanahan kwenye miamba ya Kenya kwetu: palipovuliwa sana samaki wanaowala viumbe hao wa miiba, akiwemo kikande, wao huzidi na koralaini hupungua. Nilikuwa nimetengeneza mwamba uliovuliwa kupita kiasi ndani ya sebule. Nilimrudisha dukani kwa hasara ya nusu bei.

Nyota 3 kati ya 5 kwa chupa. Mbegu ni hai, nimeuona mwani kwa macho, na haikuniletea mdudu. Ninazishusha nyota 2 kwa sababu ya karatasi ya maelekezo, isiyosema hata neno moja kuhusu alkalini, wala kwamba unaweza kusubiri miezi 3 bila kuona chochote maji yako yakiwa kama yalivyokuwa yangu. Mtu anayeanza leo nitamwambia anunue vipimo vya alkalini na kalisi kwanza, akae na namba zisizoyumba kwa wiki 3, ndipo amimine. Kama anaye jirani mwenye tangi safi la zamani, akwangue kioo cha nyuma cha jirani aokoe pesa yake.

Kwa upande wangu sasa kazi imegeuka. Kioo cha mbele nakikwangua kwa wembe kila Jumamosi, na pampu nazilaza kwenye bakuli la siki, zinachemka mapovu madogo kama soda chokaa inapoyeyuka. Mke wangu alipita jikoni akatazama bakuli, akasema hicho ndicho kile cha dola 35 ninachokitia siki. Vikwanguo vya kioo sivimwagi. Nimevitia kwenye kichupa cha jemu chenye maji ya tangi, Jumapili nampelekea mfanyakazi mwenzangu wa St. Paul aliyeanza na mawe makavu mwezi uliopita. Nimemwambia aje na namba ya alkalini yake.