Ukumbi wa St Cecilia, Edinburgh: darasa langu la uzamili

Nilipokuwa nasoma uzamili wa ala za muziki za kale Edinburgh, Uskoti, ukumbi huu wa muziki wa mwaka 1763, ulio pia makumbusho ya ala, pale Niddry Street, ulinifunza kuliko vitabu. Ala ni nyingi, ila miguu yangu ilinipeleka kila siku kwenye kinanda cha hapsikodi alichounda Pascal Taskin mwaka 1769, chenye safu mbili za vibonyezo. Kwenye hapsikodi, ukibonyeza, kijiti cha ndani hupanda na ncha yake huudonoa uzi; haupigwi nyundo kama wa piano. Mimi nimekulia Unguja nikipiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, nayo hudonolewa nyuzi vilevile! Mlio ule ulinishika moyo. Kuingia ni bure. Mwanafunzi wa ala, nenda, na usiharakishe.