Ducati Panigale V4 ya 2025: injini ya mashindano kwenye foleni ya Mwenge

Sifa kubwa ya pikipiki hii ni injini: silinda 4 zenye umbo la V, ujazo wa cc 1,103, nguvu farasi 216. Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka kinyume na magurudumu, kama ilivyo kwenye pikipiki za mashindano ya dunia ya MotoGP. Hiyo hupunguza ukaidi wa magurudumu yanayozunguka kasi, kwa hiyo pikipiki hulala kwenye kona upesi na tairi la mbele halinyanyuki ovyo.

Vali, milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye injini, ndizo zenye utamu. Kwa kawaida vali hufungwa na springi, na injini ikikimbia sana springi huchelewa. Hapa kila vali hufunguliwa na kufungwa kwa nguvu, kila kazi na mkono wake. Uzuri huo una gharama: kila kilomita 24,000 fundi anapima upenyo wa kufungua na wa kufunga kwenye vali 16, yaani vipimo 32. Usimpe fundi asiyewahi kuifungua.

Mkono wa nyuma, ule unaounganisha gurudumu la nyuma na pikipiki, sasa umeshika gurudumu pande zote mbili. Mashabiki wamelalamikia sura. Sisi tunaukubali, maana ni mwepesi zaidi.

Kwa Dar, tatizo ni joto. Kwenye foleni injini huzima silinda 2 za nyuma, zile zilizo karibu na mapaja. Inasaidia, lakini feni haipumziki. Tope likikauka kwenye rejeta, lioshe kwa maji ya taratibu. Mashine ya presha hukunja mapezi yake. Na matuta ya Barabara ya Bagamoyo yapande polepole, tumbo lake liko chini.