Mimea ya Maua kwa Bustani Kavu ya Dodoma: Upi Ununuliwe Kwanza

Dodoma hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, wa takriban milimita 550 hadi 600, na miezi inayobaki bustani huishi kwa maji ya ndoo. Mwenye bustani ya namna hiyo anunue mimea inayoweka akiba ya maji katika shina au majani, ingawa si yote inayostahili fedha yake sawasawa.

Naitanguliza adenium, ambayo wengi huiita waridi la jangwani. Humea porini huku kwetu Afrika Mashariki, na huchanua wakati wa kiangazi, mara nyingi ikiwa haina jani hata moja. Ukifika kitaluni usivutwe na maua. Inama, uliminye shina kwa kidole gumba pale linapogusa udongo. Likiwa gumu kama kiazi kibichi, chukua. Likibonyea, limeanza kuoza kwa kumwagiliwa kupita kiasi, na ni nadra kupona. Uliza pia kama mche umeoteshwa kwa mbegu, kwa kuwa wa pingili kwa kawaida haufanyi lile shina nene la kuhifadhi maji. Utomvu wake ni sumu ambayo wawindaji waliipaka mishale, hivyo upandwe mbali na watoto na mbuzi.

Wa pili ni mshubiri, ambao maua yake huwaita ndege chozi bustanini. Nunua ule uliozalishwa kitaluni tu. Mshubiri uliong'olewa porini utautambua kwa mizizi iliyokatikakatika, na kuununua ni kulipia uharibifu wa vichaka vyetu.

Taji la miiba, lenye asili ya Madagaska, huchanua karibu mwaka mzima. Nimeliweka la tatu kwa sababu hushika kwa pingili, na jirani anaweza kukupa bure. Iache pingili kivulini siku chache, jeraha likauke, ndipo uipande. Utomvu wake mweupe usiguse macho.

Kalankoe, mmea mdogo wa majani manene, inakuja mwisho. Inapendeza barazani, lakini jua la mchana huyaunguza majani yake.

Wowote utakaonunua, changanya sehemu mbili za mchanga wa mtoni na moja ya mboji, hakikisha chungu kina matundu, kisha panda na usubiri wiki moja kabla ya kumwagilia.