Madonge ya mwani (marimo): moja orijino, jingine sponji

Nyota 3 kati ya 5, na hizo 3 ni za lile donge orijino tu. Nilichukua mawili kwenye duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar, jina naliacha, muuzaji kaapa yote ni marimo kama yale ya Japani. Kufika home nikayaminya ndani ya ndoo ya maji maana marimo ndo linavyosafishwa, unalikamua uchafu utoke, ukiliachia linanyonya maji linazama. La kwanza safi kabisa, nyuzi fupi za kijani zimeshikana toka nje mpaka ndani, harufu ya ziwa tu. La pili likiminywa linarudi fasta kama mpira wa tenisi, nikaligeuza naona uzi wa nailoni, kuukata na mkasi, sponji! Juu wamezungushia java moss, mmea mwingine kabisa wa majini. Sawa, java moss ni mmea poa, samaki wadogo wanajificha humo, ila uza kwa jina lake na bei yake bwana.

Hata hilo orijino lilikuja na vinyuzi virefu vimechomoza upande mmoja, muuzaji eti "linakua hilo". Wapi! Marimo inaongezeka kama milimita 5 kwa mwaka, ukiona kitu kinarefuka wiki kwa wiki huo ni mwani wa nyuzi, ung'oe wote na kibano kabla haujavamia mimea. Ukiona utando unaoteleza wa kijani cha bluu, unabanduka vipande na unanuka, hao ni bakteria wala si mwani. Vumbi la kahawia kwenye tenki jipya lisikutishe, futa na kitambaa.

Halafu kagua na tochi. Mwaka 2021 Marekani waliyatoa madukani baada ya kukuta kome wavamizi wamejibana humo, ndo maana langu nililiweka kwanza kwenye ndoo peke yake.

Na ule ushauri wa muuzaji wa "weka dirishani lipate jua" usiufuate kabisa, haya yanatoka maziwa ya baridi kama Akan kule Hokkaido, Japani, kwa joto letu hili weka kivulini, badilisha maji mara kwa mara na uligeuzegeuze lisibonyee upande mmoja.

Wakinirudishia hela ya lile la sponji naongeza nyota.