Seti ya klachi ya vipande vitatu: kelele inazotibu na zisizoihusu

Ndani ya boksi kuna klachi pleti, presha pleti inayoibana, rilizi beringi inayosukuma springi ya presha pleti unapokanyaga pedali, na kijiti cha plastiki cha kuweka pleti katikati. Naipa alama 4 kati ya 5. Kununua seti nzima kuna maana kuliko kununua beringi peke yake, kwa sababu kazi yenyewe ni kushusha giaboksi, na hakuna anayetaka kuishusha mara mbili. Ila seti ni dawa ya kelele za klachi tu.

Kwa hiyo sikiliza kwanza. Gari limesimama, hendibreki imevutwa, injini imepata moto, gia iko nyutro. Ukikanyaga pedali mlio ukaanza au ukazidi, mshukiwa ni rilizi beringi, nayo imo kwenye boksi. Ukikanyaga mlio ukakata, ukiachia ukarudi, tatizo ni beringi ya shafti inayopokea mzunguko kutoka kwenye klachi: shafti hiyo huzunguka pedali ikiwa juu, na husimama ikiwa chini. Hapo ndipo wengi hupoteza pesa, wanafunga klachi mpya na gari linaendelea kulia vilevile. Mwaga oili ya giaboksi utazame. Ungaunga laini wa kijivu kwenye sumaku ya naati ya kumwagia oili ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si vya kawaida.

Gia ikikwaruza wakati wa kuingia, huenda klachi haiachii, huenda singronaiza, pete inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, imelika. Kanyaga pedali hadi chini, subiri sekunde chache, kisha ingiza rivasi gari likiwa limesimama. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, klachi haiachii. Hata hivyo usikimbilie seti: kwenye klachi ya mafuta (haidroliki), toa hewa kwanza na ukague silinda kama zinavuja, kwenye ya kebo, pima mchezo wa pedali, yaani inakwenda bure kiasi gani kabla ya kuanza kuvuta.

Alama moja imekatwa kwa mambo mawili. Kijiti cha plastiki hucheza kwenye meno ya pleti, pleti inakaa upande kidogo, na giaboksi inagoma kuingia hadi fundi aanze kuivuta kwa bolti, jambo linaloweza kupinda kitovu cha pleti. Afadhali kijiti cha chuma. Pili, beringi ndogo inayokaa nyuma ya krankshafti, shafti kuu ya injini, haimo, ingawa magari mengi yanayosukumwa na tairi za nyuma yanayo, nayo hulia pedali ikiwa chini na gia imeingia. Inunue pembeni, pamoja na oili sili ya nyuma ya injini kama kuna dalili ya unyevu. Oili ikifika kwenye pleti mpya, gari litatetemeka kila linapoondoka. Kagua na foki pia, mkono unaosukuma rilizi beringi. Mahali inapoegemea pakilika, hutoa kijimlio kama cha ndege ambacho hata mafundi wazuri hukidhania beringi.

Kabla ya kufunga, laza pleti mpya juu ya ya zamani: kipenyo kilingane, idadi ya meno ilingane. Usioshe beringi kwa petroli, grisi yake imefungiwa humo kiwandani. Kwenye meno ya shafti paka grisi nyembamba sana, telezesha pleti mara moja, futa iliyojitokeza. Bolti za presha pleti zikazwe kwa kupishana, kidogokidogo, hadi kipimo cha kitabu cha gari. Ukimaliza upande mmoja kwanza, kifuniko kinapinda na vidole vya springi vinakosa usawa.

Na kama gari lako lina beringi iliyoungana na silinda ndani ya giaboksi, boksi hili si lako: tafuta seti inayokuja na silinda yake.