Kiti cha mbao cha Keko, kiti cha povu na kigari cha magurudumu: tathmini kwa mzazi wa mtoto mwenye Down

Katika vifaa vitatu ambavyo nyumba yetu imevitumia kumsaidia binti yetu mwenye sindromu ya Down kuketi na hatimaye kusimama, kimoja ninakipendekeza bila kusita, cha pili ninakikubali kwa masharti, na cha tatu ningeshauri kisivuke kizingiti cha mlango. Cha kwanza ni kiti cha kona cha mbao kilichotengenezwa na fundi seremala wa Keko, hapa Dar es Salaam. Cha pili ni kiti cha povu chenye umbo la bakuli, cha aina inayouzwa katika maduka ya bidhaa za watoto Kariakoo. Cha tatu ni kigari cha magurudumu ambacho mtoto hutumbukizwa katikati yake na kuachwa ajisukume kwa vidole vya miguu. Bei haikunisaidia hata kidogo katika kuvipanga, kwa kuwa kiti cha mbao, pamoja na vanishi na nauli ya bajaji, kiligharimu chini ya kile cha povu.

Anayetaka kununua kifaa cha aina hii hana budi kwanza kuujua mwili wa mtoto anayenunuliwa. Wengi wa watoto wenye Down huzaliwa na nakala tatu za kromosomu ya 21 mahali ambapo wengine wana mbili, na mojawapo ya matokeo yake ni misuli milegevu na maungio yanayopinda kupita kiasi. Ukimnyanyua mtoto kama huyu kwa makwapa, mabega yanapanda hadi masikioni naye anataka kuchoropoka mikononi mwako. Ukimweka chini, mapaja yanatawanyika kama ya chura, nyonga inalala nyuma na mgongo unajikunja. Wengi wao huketi bila msaada wakikaribia mwaka mmoja na hutembea wakiwa na miaka 2 au zaidi kidogo, ingawa wapo wanaotangulia na wapo wanaofikisha miaka 4, na wote hao wamo ndani ya kawaida yao.

Jambo ambalo jirani husifia, na ambalo mtaalamu wa mazoezi tiba hulitazama kwa wasiwasi, ni wepesi wa mtoto huyu kupanua miguu. Akiwa amelala kifudifudi, anaweza kuitandaza miguu yote miwili pembeni hadi ikakaribia mstari mmoja, kisha akajisukuma kwa mikono akawa ameketi, bila kiwiliwili kugeuka hata mara moja. Watu hupiga makofi. Lakini misuli ya ubavu, ambayo baadaye ndiyo itakayomsaidia kupiga hatua bila kuyumba, haikufanya kazi yoyote. Kwa hiyo kifaa kizuri kwake ni kile kinachoyakusanya mapaja, kinachoziwekea nyayo mahali pa kukanyaga, halafu kinakiacha kiwiliwili kijitafutie mizani chenyewe.

Kwa kipimo hicho kiti cha povu kinaanguka mapema. Shimo la kukalia ni la kina kirefu, hivyo magoti hubaki juu kuliko nyonga, nyonga hulala nyuma na mgongo hupinda, yaani mkao uleule ambao mtaalamu anahangaika kuuondoa. Mtoto anaonekana ameketi, na kwenye picha ya kuwatumia ndugu anapendeza kwelikweli, ila ukiingiza mkono nyuma ya kiuno chake utaona kwamba kazi yote inafanywa na povu. Kwa joto la Dar es Salaam kuna adha nyingine: baada ya muda mfupi mapaja yanalowa jasho na ngozi inanata, na binti yetu akitolewa humo hutoka na alama nyekundu pande zote mbili.

Hata hivyo sikukitupa. Kina manufaa pale mtu mmoja anapokuwa peke yake nyumbani na anahitaji dakika chache za kusonga ugali au kuanua nguo, mradi kiwekwe sakafuni. Sharti hilo la sakafuni halina mjadala. Mwaka 2012 mamlaka za Marekani ziliwataka wenye viti vya aina hii, vipatavyo milioni 4, waache kuvitumia hadi viwekewe mkanda wa kumfunga mtoto, kwa sababu watoto walikuwa wakijipinda na kuchomoka, wengine kutoka juu ya meza, na baadhi yao walipasuka fuvu. Mtoto mwenye Down anachomoka kwa urahisi zaidi, kwa jinsi kiuno chake kilivyo laini.

Kiti cha kona kimepewa jina hilo kwa sababu egemeo lake ni mbao mbili zilizokutanishwa kwa pembe mraba, mtoto akaketi katikati ya pembe hiyo. Mbao hizo huyasukuma mabega mbele kidogo, na mikono, ambayo kwa mtoto mlegevu hupenda kuning'inia pembeni, inakutana mbele ya kifua. Hapo ndipo nilipomwona binti yetu kwa mara ya kwanza akishika kifuniko cha chupa kwa mkono mmoja, akakihamishia mkono wa pili, akakigeuza na kukitazama upande wa ndani. Kwenye kiti cha povu mikono ilikuwa na kazi ya kushikilia kingo.

Vipimo ndivyo vinavyotenganisha kiti kizuri na kipande cha fanicha. Tulipima kwa futikamba urefu wa paja kutoka matakoni hadi nyuma ya goti, tukapunguza upana wa vidole viwili ili ukingo wa kiti usibane mishipa. Tukapima kutoka goti hadi kisigino ili kujua ubao wa kukanyagia ukae wapi, na kimo cha kiwiko mtoto akiwa ameketi ili kujua meza ndogo ya mbele iwe juu kiasi gani. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu vyote vinatakiwa viwe karibu na pembe mraba. Nyayo zikining'inia, kila kitu cha juu kinaharibika, na huu ndio upungufu mkubwa wa viti vingi vya kulishia vya dukani, ambavyo hukumbuka mkanda na kusahau miguu.

Kazi ya fundi niliyemwendea ilikuwa nzuri, ila haikuwa safi mara ya kwanza. Aliniletea kiti chenye kigingi katikati ya mapaja, akaniambia, "Bosi, viti vyote vya watoto wenye ulemavu huwa na hicho." Ni kweli kwamba kigingi kinahitajika sana, lakini kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye misuli imekaza na miguu inapishana kama inayotaka kufungana. Kwa mtoto mwenye Down tatizo ni kinyume chake, na kigingi kinamwongezea kile ambacho tayari anacho kingi mno. Nilimwomba akiondoe na badala yake aweke vibao viwili vya pembeni vinavyoyazuia mapaja yasitawanyike. Alielewa mara moja, akavikata kutoka mabaki ya plaiwudi na hakudai nyongeza. Mzazi anayeagiza kiti kwa kuonyesha picha iliyopatikana mtandaoni aitazame sehemu hiyo kabla ya kulipa malipo ya awali.

Kasoro nyingine ni ndogo ila ni za kweli. Kingo za chini hazikupigwa msasa vya kutosha, na vanishi ilinuka kiasi kwamba kiti kilikaa barazani kwa muda kabla ya kuingizwa ndani. Sponji ya kukalia ilikuwa laini mno, mtoto akazama na kurudi kwenye mkao wa bakuli, tukaibadilisha kwa sponji nyembamba ya ile iliyobanwa ngumu, iliyovikwa ngozi ya bandia inayofutika kwa kitambaa chenye maji. Kiti kina uzito, na hilo lina faida yake, kwa kuwa hakipinduki. Kuhusu tarehe ya kukabidhiwa, sitasema mengi. Kesho ya fundi seremala ina kalenda yake.

Manufaa ambayo sikuyatarajia yalikuja wakati wa kula. Mtoto mwenye Down mara nyingi ana kinywa kidogo na ulimi mlegevu unaosukuma chakula nje, jambo ambalo bibi wengi hulitafsiri kuwa ni kukataa uji. Akiwa ameketi wima, nyayo zimekanyaga na kidevu kimeshuka kidogo, binti yetu alianza kufunga midomo juu ya kijiko na kumeza bila kupaliwa. Kumlisha akiwa amelala chali kuna hatari nyingine mbali na kupaliwa: mirija inayounganisha koo na masikio ni myembamba kwa watoto hawa, ute hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio kwa urahisi, na mtoto asiyesikia vizuri huchelewa kuzungumza kupita ucheleweshaji ambao Down yenyewe imeshauleta. Kiti hakiponyi masikio, na kipimo cha kusikia bado kinahitajika, lakini mkao wa wima ni sehemu ya kinga.

Kigari cha magurudumu tuliletewa na shangazi yake kwa upendo mtupu, na kumweleza kwa nini hakitumiki kulihitaji busara zaidi kuliko uchaguzi wa kifaa chenyewe. Ndani ya kigari mtoto ananing'inia kwenye kitambaa kilichopita katikati ya mapaja yaliyopanuka, anagusa sakafu kwa ncha za vidole, na uzito wake haushuki kwenye nyayo. Kanada ilipiga marufuku uuzaji wa vigari hivi mwaka 2004 kutokana na majeraha, na madaktari wa watoto wa Marekani wamekuwa wakitaka nchi yao ifanye vivyo hivyo. Kwetu kuna ngazi za baraza bila kizuizi na jiko la mkaa lililowekwa chini, na mtoto aliye juu ya magurudumu hufika hapo kabla mtu mzima hajageuka. Kwa mtoto mwenye Down ongeza shingo: kwa baadhi yao, ungio la mfupa wa kwanza na wa pili wa shingo ni legevu, na anguko ambalo mtoto mwingine angelilia na kulisahau linaweza kumletea madhara makubwa.

Wapo wanaosema kigari kinafundisha miguu kutembea. Ushahidi ninaoufahamu unaelekea upande mwingine. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakiongozwa na Dale Ulrich, walichapisha matokeo ya watoto wachanga wenye Down ambao wazazi wao waliwashikilia nyumbani juu ya mashine ndogo yenye mkanda unaosogea, kwa dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Walitembea takriban siku 101 mapema kuliko wenzao waliopata mazoezi ya kawaida peke yake. Pale uzito ulikuwa kwenye nyayo na mguu uliachwa nyuma ya mwili kabla ya kuvutwa mbele, kama ilivyo katika hatua halisi.

Mashine hiyo hatuna. Tulichofanya ni kumwongezea fundi kazi ya kibenchi kizito, chenye kimo cha kifua cha mtoto, ambacho binti yetu hujivuta juu yake na kusogea pembeni akifuata vikombe tulivyovipanga mwisho mwa benchi. Ni mbao nne na skrubu, na katika vitu vyote tulivyolipia, hiki ndicho kilichotumika zaidi tangu alipotimiza mwaka mmoja na nusu.

Kabla ya kumweka mtoto kwenye mazoezi ya aina yoyote, moyo wake upimwe kwa picha ya eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Takriban nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi ya kasoro hazitoi mlio unaosikika kwa kifaa cha daktari katika siku za mwanzo. Mtoto anayetoka jasho akinyonya, anayehema haraka au anayegeuka rangi ya midomo asisubiri kiti. Kwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili ina huduma ya watoto na hufanya upasuaji wa kasoro hizo.

Kwa familia ambayo hata bei ya seremala ni mzigo, ipo njia ya karatasi iliyoanzia Zimbabwe na kusambaa nchi nyingine za Afrika: maboksi na magazeti ya zamani hubandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, hukaushwa juani, kisha hupakwa rangi. Viti vyake ni vyepesi, vina nguvu ya kumbeba mtoto, na adui yake mkubwa ni maji, kwa hiyo kwa nyumba ambayo paa linavuja masika mbao inabaki kuwa bora.

Unapoagiza kwa seremala, mwambie atoboe mashimo kadhaa kwenye nguzo za mbele ili ubao wa kukanyagia ushushwe kwa skrubu mtoto anavyorefuka, na kina cha kiti kirekebishwe kwa kuongeza au kupunguza ubao nyuma ya mgongo. Cha kwetu kimeshashushwa hivyo na bado kinamtosha. Ukipata cha mtumba kutoka kwa mzazi mwenzako, pima kwanza kina cha kukalia kabla ya kutazama rangi, na kama kina kigingi katikati, nenda na bisibisi.